Upande wa Pili

Ami Muhenna ametuachia santuri thelathini na moja,
mashine ya kuzichezea, na deni dogo la duka la Al Khuwair
ambalo nimekwisha kulilipa.
Bi Shinuna hazitaki. Zichukue, Raya, kaniambia,
kabla mafundi wa rangi hawajaja;
mimi na hayo masahani ya baridi hatujapatana hata siku moja.

Nimezipakia saa saba mchana, mwezi wa saba,
kiyoyozi chote kimeelekezwa nyuma kwenye boksi
na mimi natota jasho usukanini
kama ninayemkimbiza mgonjwa.
Mbili zimeshapinda. Joto la Maskati halina adabu kwa mgeni.

Majalada: kanisa la mawe, miti isiyo na majani,
wanaume watatu na saksafoni kwenye ngazi za chumba cha chini,
herufi zimevishwa vikofia.
Alikwenda Brno mwaka wa sitini na sita, koti la kuazima,
kusomea maji: yanavyosukumwa, yanavyozuiwa.
Unguja haikumngoja. Akaja kuibukia huku,
akaajiriwa Ghubra, mtambo wa kuitoa bahari chumvi,
miaka ishirini na sita akiishi na mabomba.

Ndiyo maana alipenda kinanda cha kanisa kuliko vyote.
Bi Shinuna: "Muhenna, majirani watasema tumebatizwa."
Naye, bila kupunguza sauti:
"Mabomba haya, mke wangu. Mabomba na upepo.
Mtambo wangu unayo mengi zaidi, tena yamepangwa vibaya."

Kazini walisema ana sikio la jini.
Alisimama ukumbi wa pampu, macho kafumba,
akanyoosha kidole: lile, la tatu, lina kutu ndani.
Wakalifungua, wakaikuta kutu.

Ijumaa, baada ya chakula,
alitupanga mkekani watoto wa nduguze.
Kwanza jazi, tuchangamke: tarumbeta likijikwaa kwa makusudi,
besi nyuma yake kama shangazi anayeokota vilivyodondoka.
Kisha Baroki, fidla zinafukuzana,
kila moja ikirudia aliyosema mwenziwe, kwa adabu zaidi.
Kisha kinanda. Hapo hakutaka hata kijiko kigonge sahani.
"Ticho," alisema, neno lao la kimya,
na ile kh ilimtoka kooni sawasawa, ya Kiarabu kabisa.

Na upande wa pili, karibu na mwisho,
noti imeshuka mpaka huisikii, unaihisi magotini,
mtu anakohoa.
Mara mbili. Kikavu.
"Huyo mimi," husema Ami. "Baridi yangu ya kwanza.
Nilijibana dakika kumi, ya kumi na moja ikanishinda.
Nimewaharibia kazi, wameiuza hivyo hivyo."
Tulicheka, tukamwomba arudishe sindano.
Tukakikariri kikohozi kile. Mdogo wangu Aflah
mpaka leo hukohoa hivyo akitaka kukopa pesa.

Usiku huu, kwangu Mawaleh, nimeipangusa kwa kitambaa cha miwani.
Ndipo nikasoma nyuma ya jalada, chini, kwenye maandishi ya siafu:
1961.
Nikahesabu kwa vidole, mtu mzima mimi.
Miaka mitano kabla ya koti la kuazima.

Sasa nimwite mwongo, kaburi halijakauka?
Sauti yake hatuna popote. Simu ilikufa na yaliyomo,
na ujumbe wa sauti hakujifunza kuutuma.

Nimeweka sindano.
Santuri imepinda, noti zinapanda na kushuka
kama kifua cha mtu aliyelala.
Nje, kiyoyozi cha jirani kimeng'ang'ania noti yake moja,
chini kidogo ya iliyo sahihi. Yeye angejua ni feni ipi.

Na yule Mcheki nisiyemjua, aliyekwenda kanisani na mafua,
pengine naye ameshakufa.
Pengine alijiziba mdomo kwa skafu, kwa aibu,
asijue atakuwa ami wa watu.

Inakaribia.
Aflah yuko kwenye simu, anauliza nini, nini.
Ticho, namwambia.
Ananyamaza, upande wa pili.
Tunasubiri.